Mlango wa Waliochemsha

"Tabasamu bana, usikae kama uko msibani," alisema Dada Shen, huku akiisogeza kamera yake kuukuu mpaka taa yake kubwa ikakaribia kukigusa kipande cha kahawia alichoshika Jianyu.

Pap! Jianyu akaona nyota tu. Akakitupa kipande kwenye droo bila hata kukitazama, akaenda zake kula tambi.

Ndiyo desturi ya maabara yao pale Changzhou: jaribio likikataa, umechemsha; unapigwa picha na aibu yako, picha inabandikwa mlangoni. Mlango karibu wote ulikuwa sura ya Jianyu. Wageni walidhani ndiye mkurugenzi.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Unachukua oksidi ya grafini, utando wa kahawia mwembamba kama ganda la kitunguu, unaiondoa oksijeni, inabaki grafini: nyeusi, inapitisha umeme. Wenzake walitumia matanuri na dawa za sumu. Jianyu, mtoto wa wakulima wa chai, akajitapa kwamba yeye ataiondoa kwa chai ya kwao tu. Profesa Ruan akampa mpaka kikao cha jioni hiyo. Akikosa, mradi unafungwa, yeye anarudi kijijini kuyachuma hayo majani.

Jioni akafungua droo ili akiri mwenyewe yaishe. Kipande kilikuwa cheusi tii.

Wakakiunga na waya mbele ya Profesa. Kibalbu kikawaka.

"Ni chai, Profesa," alisema Jianyu, kwa sauti nzito ambayo hata yeye hakujua anayo. "Haitaki haraka. Inafanya kazi polepole."

"Basi kesho utairudia mbele ya wafadhili."

Kabla hajatoka mlangoni alishampigia mama yake. Mama akatangazia kijiji kizima. Mjomba akapandisha bei ya chai hapohapo.

Kesho yake Jianyu akaloweka trei nzima ya vipande kwenye chai, akavikausha, wafadhili wakakodoa macho. Kahawia. Akaongeza majani. Kahawia. Akavibembeleza kwa maneno matamu kama anaposa. Kahawia tu, utadhani vinamfanyia kusudi.

"Polepole, eti?" mfadhili mmoja aliuliza, akitazama saa.

 Profesa Ruan alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na Jianyu akaanza kuwaza basi la kurudi kwao linaondoka saa ngapi.

"Mdogo wangu," Dada Shen akanong'ona, kamera tayari mkononi, "pale mlangoni imebaki nafasi moja."

"Piga, dada. Na usogee, nitoke vizuri."

Akainua kipande cha kahawia, akafumba macho, akatabasamu kama bwana harusi. Pap!

Alipofumbua, hakuna aliyekuwa anacheka. Kipande kilikuwa cheusi tii, na wote, wafadhili na Profesa Ruan, walikuwa wameikodolea macho ile kamera.

Jianyu akaanza kulisukuma birika la chai chini ya meza, taratibu, kwa kisigino.