Perege Walioshiba

Lukindo, shemeji yake Bi Mashavu, alikuwa amemsihi asiwape perege wake chakula siku ya kuwahamishia bwawa lingine, kwa kuwa samaki aliyeshiba huchafua maji ya mfuko anaobebewa mpaka hewa imwishie. Bi Mashavu aliitikia. Lakini asubuhi, kabla Lukindo hajafika, moyo ulimshinda. Tangu lini akamsafirisha mtu na njaa? Akawamwagia pumba, wakala hadi wakazisaza.

Sasa wawili hao wamechutama kando ya bwawa jipya la Lukindo. Mifuko ya nailoni inaelea ili maji yake yazoee ubaridi wa bwawa, lakini ndani yamekuwa mazito kama uji, na perege wengi wamelala ubavu.

"Nisamehe, shemeji," Lukindo akasema bila kumtazama. "Barabara mbovu ile. Nimewatikisa mno."

"Si kosa lako," Bi Mashavu akajibu, akapandisha mkono wa gauni.

Lukindo akafungua mifuko taratibu. Bi Mashavu akatia mkono majini kuwaokota waliokufa. Wachache waliopona hawakumkimbia. Walimjia, wakaanza kudonoa pumba zilizoganda chini ya kucha zake, na Lukindo akainama kutazama.