Mchawi wa Meza ya Mapapai

Zamani, wanyama walipokuwa na soko lao, Nungunungu aliuza mapapai matamu kuliko yote, lakini yalimwozea mezani.

"Nimerogwa," alilalamika. "Jirani yangu Kima ananichukulia wateja kwa ndumba." Kila asubuhi alinyunyiza chumvi mezani kumfukuza mchawi.

Mchana mmoja usingizi ukampitia. Akajiona anaelea sokoni, mwepesi kama unyoya, naye ni mteja. Harufu tamu ikamvuta hadi kwenye meza moja. Akanyoosha mkono abonyeze papai, kama wanunuzi wote wafanyavyo. Mara miiba ikasimama mbele yake.

"Usiniminyie papai! Nunua au pita!"

Akarudi nyuma, akainua macho amtazame muuzaji. Ilikuwa sura yake mwenyewe.

Akagutuka usingizini. Mama Kanga alikuwa akibonyeza papai lake. Miiba ya Nungunungu ikaanza kusimama. Akailaza polepole, akakata kipande.

"Karibu mama, onja kwanza."

Mama Kanga akameza, akashangaa. "Leo hujanifukuza! Mchawi wako umemkamata?"

"Nimemkamata, mama," Nungunungu akajibu, akipangusa meza. "Kumbe ndiye aliyekuwa akinyunyiza chumvi."