Ndoo Tupu

Fundi friji alikaa ukingoni mwa bwawa akiwa amejifunga vipande viwili vya boksi, kimoja kila upande wa uso, kama punda wa mkokoteni. Alivivaa makusudi. Alitaka aone kiboya chake tu, asimwone shemeji yake.

Hiyo ilikuwa dawa ya mkewe. "Tatizo lako si mikono," alimwambia asubuhi akimfungia kamba kisogoni. "Unakwenda kuvua samaki, unashinda unamvua kaka yangu nguo kwa macho."

Ilikuwa kweli. Katika chama cha wavuvi wa Jumamosi, watu wenye kazi zao wanaovua kwa kujifurahisha, kila mtu ana nafasi yake katikati ya matete, na hakuna kumsogelea mwenzako mpaka filimbi ya mwisho. Siku za mashindano fundi alinyoosha shingo mpaka ikamuuma, amwone shemeji kakaaje, kashika nini, kacheka nini. Filimbi ikilia, wenzake wote wana samaki, yeye ana ndoo. Miaka miwili hivyo. Wakambatiza Ndoo Tupu, na jina likamfuata hadi dukani.

Sheria ya chama haina huruma: mwaka wa tatu bila samaki, unarudisha kofia unaondoka. Na mwenyekiti alikuwa baba mkwe wake. Kufukuzwa na mwenyekiti mtu anavumilia. Kufukuzwa na baba mkwe, halafu Jumapili akupitishie chumvi mezani, ni adhabu nyingine.

Bingwa alikuwa shemeji, mwokaji mikate. Samaki wake walikuwa wakubwa, na wapole ajabu. Walilala kwenye mizani wametulia, mwili baridi, hawatikisi hata mkia.

"Ni akili, shemeji," alimweleza fundi. "Mimi samaki namwaza tu, anakata tamaa. Akifika juu ameshakubali matokeo."

"Na chambo?"

Shemeji akajigonga paji la uso. "Hiki hapa."

Fundi aliamini. Alijaribu naye kuwaza, akaambulia kichwa kuuma.

Isitoshe, alikuja bwawani amechoka. Wiki ya mashindano ndiyo wiki yake ya kazi nyingi kuliko zote. Mwenyekiti alimwita, friji yake haigandishi. Mwamuzi naye vilevile. Mtunza hazina alimpigia simu karibu alie. Shemeji alimsimamia mgongoni mpaka gesi ya friji yake ikajaa, akamshukuru, akamkataza kufungua tena mlango wa juu, eti baridi itatoka. Fundi alilaumu joto. Alizitengeneza zote, moja baada ya nyingine, bila kinyongo.

Sasa, kati ya maboksi yake, dunia ilikuwa nyembamba: kiboya, maji, na nzi mmoja. Masikio tu ndiyo hayakuwa na kizuizi.

"Ndoo Tupu, uko hai?" sauti ya shemeji ilitoka kwenye matete.

Fundi akamfukuza nzi.

"Mimi nimeshamwaza mmoja. Yuko njiani."

Siku zote hapo ndipo alipoharibikiwa. Shingo ikaanza kugeuka yenyewe, ikakutana na boksi. Akairudisha kwenye kiboya. Akaacha kumfikiria shemeji. Akaacha kumfikiria baba mkwe, na kofia, na chumvi ya Jumapili. Mwisho akaacha hata kumfikiria samaki. Akabaki mtu tu, amekaa, ameshika fimbo ya kuvulia.

Kiboya kikazama.

Fundi alikitafuta kwa macho kama mtu aliyeibiwa. Halafu mshipi ukamvuta, kiti kikapinduka, boksi moja likapeperuka. Aliingia majini mpaka magotini, akavuta, akavutwa, akatukana kidogo, akatoka amemkumbatia samaki kifuani kama mtoto anayekataa kuoga. Filimbi ikalia.

Mezani wanachama walikuwa wameshapanga samaki wao kwa mstari, kila mmoja amenyooka kama mkate. Fundi akapita katikati yao, maji yakimchuruzika, boksi moja bado sikioni. Akamweka wake kwenye mizani.

Samaki akaruka. Alimpiga mwamuzi miwani, akaangukia meza, akawatawanya wale wengine wote hadi kwenye majani. Mtunza hazina akapanda juu ya kiti.

"Ana nini huyo?" mwamuzi aliuliza kutoka chini ya meza.

"Labda anaumwa," shemeji akasema. Uso wake ulikuwa umepauka kama aliyemwagiwa unga. "Umemtoa wapi?"

"Bwawani," fundi akasema. "Nimefuata maneno yako, shemeji. Akili."

Hakuna aliyecheka. Samaki akapiga mkia tena, na chama kizima kikarudi nyuma. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kulitazama bwawa, kama watu waliogundua kwamba jirani ana ufunguo wa nyumba yao.

Baba mkwe, ambaye ndiye aliyekianzisha chama hicho enzi za ujana wake, alimshika fundi mkono akampeleka nyuma ya matete. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Kofia ni yako, mwanangu, hakuna atakayeigusa," akanong'ona. "Ila niambie ukweli. Kwani humo mna samaki?"