Kidonda cha Mwanahawa

"Una kidonda chochote mkononi?" daktari aliuliza, vidole vyake vikiwa bado kwapani mwa Mwanahawa.

"Ninacho," alijibu haraka, akanyoosha kidole kilichofungwa kitambaa. "Kisu kilinikata nikimenya muhogo. Ndiyo maana nina mtoki."

Kwao kila mtu alijua kwamba ukiona mtoki, utafute kidonda. Naye alikuwa amekitafuta tangu mfungo wa Ramadhani, kutoka begani hadi kwenye kucha, asipate hata mchubuko. Asubuhi hii, kabla wifi yake hajaja kumsindikiza, alishika kisu akajikata mwenyewe.

Daktari alifungua kitambaa. Damu ilikuwa bado mbichi.

"Dada yangu, hiki ni cha leo," alisema taratibu. "Na huu uvimbe wa kwenye titi, nao umeletwa na kisu?"

Mwanahawa alikificha kidole ndani ya kiganja.

"Mtoki ni mlinzi," daktari alisema akiandaa sindano. "Huvimba akipigana na adui. Adui akimshinda na kuingia ndani yake, huvimba vilevile. Kama bado anapigana, matumaini ni makubwa. Lakini kwa kupapasa siwezi kujua. Nitachukua kidogo tupime. Inua mkono."

Mwanahawa aliuinua juu ya kichwa, akageuza uso ukutani. Sindano ilipoingia hakulia. Huko juu, kidole gumba kilikuwa kikikikamua kile kidonda kwa nguvu zote, kisije kikafunga kabla majibu hayajatoka.