Mkeka wa Nungunungu

Ndege Mnana, fundi wa kusuka, alimsukia rafiki yake Nungunungu mkeka wa ukindu. Nungunungu akautundika ukutani mwa shimo lake, miiba yake isije ikautoboa, naye akaendelea kulala mchangani. Kila asubuhi alipita kwa Mnana: "Ahsante, dada! Mkeka wako nautunza kama mboni ya jicho!" Mnana aliitikia kwa kichwa tu, na mwishowe akaanza kumkwepa.

Masika yakaja, shimo likalowa. Nungunungu hakuwa na budi kuulalia mkeka. Wiki haikuisha, ukawa matundu matupu.

Akamwendea Mnana, uso umemshuka. "Dada, nisamehe. Nimeulalia hadi umekwisha."

"Umeulalia?" Mnana aliruka kwa furaha. "Basi leo ndiyo umenishukuru! Hebu lala hapa nikupime, nikusukie mwingine."