Uji wa Baba Koku

Siku hizi chuo hakimpi mtafiti wa tiba mseto, yaani dawa kadhaa katika dozi moja, fedha za kuanzia mpaka dawa yake ijaribiwe kwanza kwa watu wa nyumbani kwake, bila wao kujua. Mume wangu Mwombeki ameomba fedha hizo, na tangu hapo uji anapika mwenyewe.

Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, kutoa sumu.

“Onja basi, Baba Koku,” nikamwambia leo asubuhi.

“Nimefunga. Wewe kunywa tu.”

“Na jana nilipokunywa, ulifunga pia?”

Akatabasamu. Nikasukuma kikombe, nikainuka nimgombeze. Magoti yangu, yaliyonitesa miaka, hayakuuma. Nikaitafuta hasira niliyoinuka nayo, nikakuta sina.

Nikaketi, nikanywa.