Mshale wa Joto

Fundi aligusa mpira wa juu wa rejeta, akauondoa mkono upesi. Mpira ulikuwa umevimba na kukaza kama jiwe. Maji yalikuwa bado yanatokota humo ndani, na tone la kijani lilining'inia chini ya pampu. Hapo ndipo palipovuja.

"Miaka yote unalichezea gari la baba, leo katundu kamoja kamekushinda?" kaka yake alifoka mbele ya wateja. "Kesho nalipeleka kwa watu wa vyuma chakavu. Wewe endelea kulamba grisi, mdogo wangu."

Wateja wakaangua kicheko.

Kaka akachungulia dashibodi. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa. "Kumbe limeshapoa! Sogea huko nikufundishe kazi."

Mshale ule ulikufa kabla baba hajafa, na aliyejua ni fundi peke yake.

Kaka akaushika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, akauinamia kwa uso mzima. "Unafunguliwa kulia au kushoto huu?"

Fundi akarudi nyuma hatua mbili.

"Kushoto, kaka," alisema kwa upole. "Kandamiza kwanza. Usiogope."